Balkoni Inayotazama Watu

Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona shemeji yangu Mughwai ni ya Ziwa Singidani, nayo aliyaona kwenye dirisha la basi huku akigombana na kondakta kuhusu katoni zake za sabuni. Mtu huyo ndiye aliyekaa wiki nzima kwenye kochi lake hapa Mkiwa, miwani kwenye ncha ya pua, akizichambua balkoni za meli kana kwamba alizaliwa baharini.

Mimi naitwa Yasinta. Napika hapa njia panda, wali, ugali na kuku wa kienyeji, na madereva wa malori wananijua kwa mchuzi wangu na kwa mdomo wangu. Mke wa Mughwai, Editha, ni dada yangu tumbo moja, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nimvumilie huyo mwanamume miaka yote hii. Zamani alikuwa karani wa ghala la ushirika. Serikali ilipoachia biashara na ushirika ukafa, wakulima walibaki na majembe yao, yeye akabaki na funguo za ghala. Hakuna aliyemuuliza. Leo ghala lile limepakwa rangi ya bluu, limeandikwa jina lake kwa herufi kubwa, na limejaa sabuni ya unga hadi kwenye kenchi. Anauza kuanzia Ikungi hadi Itigi. Kampuni moja ya Dar es Salaam ikamtangaza wakala bora wa kanda ya kati, na zawadi yake ikawa safari ya meli ya starehe kwa watu wawili, kutoka Afrika Kusini kwenda visiwani na kurudi. Ningekuwa mimi kampuni ningempa baiskeli.

Kampuni ilimtuma kijana anayeitwa Alphonce, tai shingoni na vumbi hadi kwenye kope, aje kumwonyesha mshindi vyumba ili achague. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia kila mtu, akafungua kijitabu cha picha juu ya meza, akaeleza taratibu. Vyumba vyote alivyoruhusiwa kuchagua mzee vilikuwa na balkoni, yaani kibaraza chako mwenyewe chenye viti viwili na mlango wa kioo. Tofauti ilikuwa kile unachokiona ukikaa pale. Kipo chumba kinachotazama bahari, wazi kabisa, maji hadi macho yachoke. Kipo kingine kinachotazama bahari hiyohiyo, ila mbele yake imening'inizwa boti, kwa hiyo unaona maji kwa chini tu. Na kipo kinachotazama ndani ya meli, kwa sababu meli yenyewe ina ukubwa wa mtaa mzima, na katikati yake kuna bustani, maduka, na watu wanaopita mchana kutwa.

"Ndani ya meli?" Mughwai akauliza. "Ukikaa hapo watu wanakuona?"

"Wanakuona, mzee. Wengine hawakipendi kwa sababu hiyohiyo."

Shemeji yangu akatabasamu, akavuta miwani juu. Nilijua palepale kwamba kazi imekwisha, mengine yote ni kelele tu.

Editha alikuwa ameleta chai. Badala ya kurudi jikoni akainama juu ya kijitabu, akaweka kidole kwenye picha ya chumba chenye boti.

"Mwanangu, hizi boti ni za nini?"

"Za kuokoa watu, mama. Ikitokea hatari."

"Kila meli inazo?"

"Kila meli, mama. Ndiyo sheria."

Dada yangu akakifunika kijitabu taratibu, akabeba birika lake akaenda. Alphonce akadhani mama ameridhika na maelezo. Mughwai hakuinua hata macho.

Sasa lazima nieleze habari za Deo, maana bila Deo haya yote ni kichekesho cha mzee na picha.

Deo ndiye mtoto wao pekee. Alimwambia baba yake hataki kuuza sabuni, akaenda Dar, akaanza kuzunguka bandarini na vijana wenzake waliokuwa wanaota Ulaya. Halafu kimya. Mughwai, badala ya kumtafuta, akaanza kutangaza hapa njia panda kwamba mwanawe amepata kazi melini. Mwezi wa kwanza Deo alikuwa baharia. Mwezi wa pili akapandishwa cheo. Kufikia mavuno alikuwa ofisa mkubwa huko Ugiriki, anaamrisha wazungu. Baba yake alimpandisha vyeo kutoka kwenye kochi.

Mwaka juzi akaja kijana wa Manyoni, Miraji, amekonda, midomo imebabuka. Yeye na Deo walijificha pamoja kwenye meli ya mizigo. Wakagunduliwa meli ikiwa mbali na nchi kavu. Mabaharia wakawapa mapipa matupu ya kushikilia, wakawashusha majini, wakaondoka. Miraji aliokotwa na wavuvi. Deo alikuwa ameshaliachia pipa kabla ya hapo. Miraji alitueleza hayo kwenye chumba cha nyuma cha duka, mbele ya Mughwai, Editha na mimi, huku machozi na kamasi vikimtoka.

Unadhani Mughwai alifanya nini? Alimpa yule kijana viatu vipya na nauli ya treni kutoka Itigi kwenda Tabora, akamwambia asionekane hapa tena. Kisha akatugeukia sisi. Akasema hakuna maiti, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna msiba. Mtu aliyekwisha kuwaambia watu kwamba mwanawe ni ofisa atawaambiaje kwamba alitupwa kama taka? Hayo ndiyo yaliyokuwa yanamkosesha usingizi. Nilitaka kupiga yowe palepale, lakini Editha alinishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Alikuwa anamwogopa mumewe, na nadhani alikuwa bado anaomba Mungu kwamba Miraji amesema uongo.

Siku chache baadaye ilionekana kofia nyeupe ya baharia imepigiliwa ukutani sebuleni. Mughwai akawaambia wageni kwamba Deo ameituma kutoka Ugiriki. Kofia ile niliiona kwa macho yangu kwenye rundo la mitumba mnadani Singida. Niliijaribu kichwani, nikairudisha kwa sababu ilikuwa na doa la mafuta. Doa lipo hadi leo, nenda kaangalie.

Kwa hiyo dada yangu hakulia. Hakukaa chini, hakufunga khanga kiunoni, hakupewa pole na mtu hata mmoja. Watu walikutana naye kisimani wakamuuliza, "Hajambo baharia wetu?" Naye akajibu hajambo, akajitwika ndoo akaenda zake.

Siku mbili baada ya Alphonce kufika, Editha alikuja jikoni kwangu amebeba kopo la maziwa ya unga. Akalifunua. Lilikuwa na udongo mwekundu hadi juu.

"Nimeuchota nyuma ya nyumba," akasema. "Pale nilipozika kitovu chake."

Sikuuliza cha nani. Kwetu mtu akizikwa, wazazi na ndugu kila mmoja anatupa konzi ya udongo. Hata maskini wa mwisho anatupiwa. Mwanawe hakutupiwa, na hilo ndilo lililokuwa linamla ndani kuliko hata kifo chenyewe.

"Nitamtupia kutoka kwenye hiyo meli," akasema. "Bahari ni moja. Utamfikia."

"Sasa si upande juu kwenye sitaha utupe? Balkoni ya nini?"

"Nimeona picha za huko juu, Yasinta. Watu wamevaa chupi, wanakunywa bia, muziki unapigwa. Nimlilie mwanangu mbele ya watu waliovaa chupi?" Akalifunika kopo. "Nataka mahali penye mlango. Nifunge, niwe na maji na yeye, nilie mpaka nimalize. Nimebeba kilio hiki mwaka na zaidi, dada. Kinaniua."

"Mbona umechota mwingi hivi? Konzi moja si inatosha?"

Akaniomba tu nisimwambie mtu, nikakubali.

Mughwai naye alikuwa na yake. Mtu yule hawezi kununua soksi bila mashahidi. Kila jioni aliita watu waje kumshauri kuhusu balkoni, na kila jioni aliwashauri yeye. Fundi cherehani aliitwa. Mwenye mashine ya kusaga aliitwa. Dereva wa lori la vitunguu, mtu aliyesimama kwangu kula tu, alivutwa hadi sebuleni aonyeshwe picha. Walikunywa chai na kusema, "Mzee, wewe ni wa kimataifa," wakajipangusa midomo wakaondoka. Sijui nani alikuwa mjinga zaidi, aliyesema au aliyeamini.

Jumapili, baada ya misa, ikawa siku ya kuchagua. Alphonce alisema lazima aondoke na jibu. Mughwai alichinja kuku wengi, akaita wanaume wa maana, na wanawake wa jumuiya wakaja kusaidia kupika. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mazengo, alipewa kochi kubwa. Dada yangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na mimi nikasimama nyuma yake na mwiko mkononi.

Mughwai akasimama chini ya ile kofia, akakishika kijitabu juu kama katekista anayeonyesha Injili.

"Waheshimiwa," akasema, "kijana huyu ananiletea balkoni inayotazama maji. Anaisifia! Sasa nawauliza, nyumba ya mtu inatazama wapi? Inatazama uani kwake. Baba yangu alijenga tembe, milango yote ikatazama zizini. Ukuta wa nyuma haukuwa na tundu hata la panya. Mtu mwenye heshima anakaa anatazama mali yake na wageni wake, nao wanamwona. Anayekaa akitazama porini ni nani? Ni mlinda ndege kwenye dungu! Sasa mimi nisafiri hadi Afrika Kusini nikakae kwenye dungu? Nikalinde samaki wasile mtama?"

Wanaume wakacheka sana. Na kuhusu tembe alisema kweli, baba zetu wote walijenga hivyo, kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Lakini ni Mughwai peke yake angeweza kupanda meli ya wazungu akatafuta upande wenye zizi.

"Na hii nyingine," akaendelea, "wamenining'inizia boti mbele ya uso! Hiyo wampe dereva wao. Mimi nachukua inayotazama ndani. Watu wapite, waulize, yule mzee aliyekaa pale juu ni nani? Waambiwe, ni Mughwai wa Mkiwa."

Alphonce akatoa kalamu. Hapo Editha akasema, kwa sauti ya chini lakini kila mtu akasikia:

"Baba Deo, mimi naomba ile ya maji."

Mughwai akageuka kama mtu aliyesikia kochi likiongea.

"Hata ile yenye boti mbele," dada yangu akasema. "Ilimradi chini yake pawe na maji."

"Ya nini? Waeleze wageni. Utafua nguo?"

Wakacheka tena. Na Mughwai akionja kicheko hajui kuacha, ni ugonjwa wake wa siku zote. Akainyooshea mkono ile kofia ukutani.

"Nimemwelewa mama yenu! Anataka akae balkonini amwone Deo akipita na meli yake! Mama Deo, bahari si Mkiwa. Huwezi kukaa kibarazani ukamwona mwanao anapita barabarani ukampungia mkono!"

Sebule nzima ilicheka, hata mzee Mazengo, ambaye hakujua anacheka nini. Editha aliinuka, akatoka. Nikadhani amekwenda kujificha chumbani kama siku zote. Akarudi na lile kopo, akapita katikati ya wanaume, akaliweka juu ya kijitabu cha picha.

"Deo hapiti," akasema. "Deo yumo humo majini. Amekufa tangu mwaka juzi. Baba yake anajua na Yasinta anajua. Huu ni udongo wa mahali kilipozikwa kitovu chake. Nataka balkoni ya maji nimzike mwanangu."

Kicheko kilikatika ghafla. Kuku walikuwa wanachemka nje, tukawasikia.

"Ana homa," Mughwai akasema haraka. "Ana malaria tangu jana. Yasinta, mpeleke dada yako ndani."

Yasinta nani? Nilidondosha mwiko, nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikapiga yowe. Sikuwa nimewahi kupiga yowe la namna ile, hata kwa mama yetu. Lilitoka lenyewe, na nilipoishiwa pumzi wanawake waliokuwa jikoni walikuwa wameshalidaka. Waliingia mbio, wakavua viatu mlangoni, wakafunga khanga viunoni, wakamzunguka Editha, wakakaa naye chini sakafuni. Na dada yangu, mwanamke aliyejibu hajambo hajambo mwaka mzima na zaidi, akafungua mdomo akamwita mwanawe kwa jina. Alilia mpaka watu wa kituo cha mabasi wakaja kuuliza kuna nini.

Hapa kwetu kilio kikishapigwa hakirudishwi. Vijana hawakusubiri kuambiwa. Wakabeba makochi kuyatoa nje ili mikeka itandikwe, yale makochi ya Mughwai ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyagusa, wakayasukuma kwenye vumbi la uani miguu juu. Wanaume wakaanza kutafuta magogo ya moto wa msiba.

"Nyamazeni!" Mughwai akapiga kelele katikati ya mlango. "Hii ni nyumba yangu! Nani amewaambia kuna msiba?"

Mzee Mazengo alikuwa ameshavua kofia yake. Akasema, "Mughwai, kaa chini. Mtu anayezuia kilio cha mwanawe, watu wanaanza kujiuliza amemfanya nini."

Hapo ndipo alipoelewa. Alitazama huku na huku, akaona macho yote yako juu yake. Wakamshika mabega wakamkalisha kibarazani, chini kwenye saruji, kama mfiwa anavyokaa. Kijitabu cha meli kilikuwa bado mkononi mwake, maana alikuwa amekivuta chini ya kopo bila kujua.

Watu walianza kuja. Walitoka njia panda, walitoka mashambani, abiria waliokuwa wanasubiri basi waliingia na mizigo yao. Kila aliyeingia getini macho yake yalitua kwanza pale kibarazani. Wakaulizana kwa sauti za chini, yule mzee aliyekaa pale ni nani? Wakajibiwa, ni Mughwai wa Mkiwa, yule aliyeficha kifo cha mwanawe. Wanaume waliokuwa wanamwita mtu wa kimataifa wakawa wanamsimulia mgeni habari za ile kofia, na mimi nikawasaidia pale walipokosea, nikaongeza na doa. Alitaka balkoni inayotazama watu. Aliipata, tena bila kupanda meli.

Jua lilipoanza kupungua, Alphonce akaja mlangoni kwa wanawake, tai ameitia mfukoni. Basi lake lilikuwa karibu. Alipiga magoti mbele ya dada yangu.

"Mama, pole sana. Nisamehe, nauliza kwa sababu nimetumwa. Niwaambie nini kampuni?"

"Cha maji," Editha akasema. Sauti ilikuwa imekauka.

"Nitaandika kile cha wazi, mama. Kisicho na boti."

"Asante, mwanangu."

"Na majina? Niandike mawili?"

Dada yangu alitazama nje kupitia mlangoni, na sisi sote tukatazama. Mughwai alikuwa amesikia. Hakuinuka. Alisogea kwa makalio kwenye ile saruji, yeye mwenye ghala la bluu, mpaka akafika kizingitini, na vumbi lote la kibaraza likiwa kwenye suruali yake ya Jumapili.

"Mama Deo," akasema. "Huo udongo. Nigawie na mimi kidogo."

Nilingoja amtemee mate. Niliomba amtemee mate. Dada yangu alilivuta kopo akaliweka mapajani, akafuta vumbi kwenye mfuniko kwa ncha ya khanga.

"Nilichota wa watu wawili," akasema.

Alphonce akaandika majina mawili. Ningekuwa mimi ningemnyima, hata chembe moja.